Biashara ya magogo na mbao ngumu mkoani Mwanza

Biashara ya magogo na mbao ngumu mkoani Mwanza ni ununuzi na uuzaji wa mazao ya miti kama mninga, mkongo, mvule na msaji katika jiji la Mwanza na maeneo mengine ya mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria, nchini Tanzania. Mwanza ni soko zaidi kuliko kuwa chanzo cha mbao hizo: sehemu kubwa ya mbao ngumu zinazotumika huko hutoka katika misitu ya mikoa mingine, hasa ile ya magharibi mwa nchi. Kwa sababu hiyo bei ya ubao mmoja dukani hubeba ndani yake gharama za msituni, za upasuaji, za hati za serikali na za safari ndefu. Muuzaji asiyejua gharama hizo, wala namna ya kupima gogo lake, huuza kwa kukadiria kwa macho, na tofauti ya thamani huchukuliwa na walio mbele yake.

Maana ya mbao ngumu

Gogo ni kipande cha shina la mti uliokatwa na kuondolewa matawi, kabla ya kupasuliwa. Mbao ni vipande vilivyopasuliwa kutoka katika gogo hilo.

Katika elimu ya misitu, mbao ngumu ni zile zitokanazo na miti ya majani mapana, na mbao laini ni zile za miti izaayo koni au jamaa zake, kama msonobari, msindano na mpodo. Mgawanyo huo haufuati ugumu wenyewe sikuzote, kwa kuwa ipo miti ya majani mapana ambayo mbao zake ni nyepesi sana. Mafundi na wafanyabiashara wa Mwanza hutumia maneno hayo kwa maana ya kawaida zaidi: mbao ngumu kwao ni ile nzito, inayodumu na isiyoliwa upesi na mchwa au wadudu wengine.

Miti muhimu

* Mninga (Pterocarpus angolensis) ni mti wa misitu ya miombo. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Kiini chake ni cha rangi ya kahawia, hakipindi sana kikikauka na hurandika vizuri. Kwa hiyo hupendwa kwa milango, vitanda na makabati. Uzito wake ukikauka ni takriban kilogramu 640 kwa mita moja ya ujazo.
* Mkongo (Afzelia quanzensis) ni mzito kuliko mninga na hufaa kwa milango ya nje, fremu na ngazi.
* Mvule (Milicia excelsa) hupatikana katika maeneo yenye mvua nyingi, yakiwemo ya Kagera na Uganda. Hustahimili maji na wadudu.
* Mpingo (Dalbergia melanoxylon) ni mzito kiasi cha kuzama majini. Hutumika kwa vinyago na kutengenezea zumari na ala nyingine za muziki. Soko lake kubwa liko kusini mwa Tanzania na ng'ambo, si Mwanza.
* Msaji au mtiki (Tectona grandis) asili yake ni Asia. Nchini Tanzania hupandwa katika mashamba kama Longuza mkoani Tanga, Mtibwa mkoani Morogoro na katika bonde la Kilombero.

Mbao hizo zote hushindana sokoni na mbao laini za misindano na mbao za mikaratusi, ambazo ni nafuu na hutumika zaidi kwa kenchi za paa na kazi za muda za ujenzi.

Historia

Nchi ya Wasukuma inayouzunguka mji wa Mwanza haina misitu mikubwa ya mbao ngumu. Katika karne ya 20 vichaka na mapori mengi yalifyekwa ili kupunguza mbung'o, kupanua mashamba ya pamba na kupata malisho ya ng'ombe. Uharibifu huo ulikuwa mkubwa hasa katika Mkoa wa Shinyanga, ambako mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa kwa kifupi HASHI. Mradi huo ulihimiza kurudishwa kwa ngitili, yaani maeneo ambayo Wasukuma huyatenga kwa ajili ya malisho ya kiangazi na ambayo miti yake huachwa ikue tena. Ngitili zilirudisha kuni, nguzo na malisho, lakini haziwezi kulisha mji mkubwa kwa magogo ya mninga.

Reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Tabora iko katikati ya misitu ya miombo, na reli iliunganisha misitu hiyo na bandari ya ziwa. Baadaye barabara za lami zilichukua sehemu kubwa ya mizigo. Leo mbao ngumu hufika Mwanza kwa malori kutoka upande wa Tabora, Katavi na Kigoma, na pia kutoka misitu iliyobaki ya Geita na Kagera. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa mwezi Juni 2025 na kuondoa haja ya kusubiri kivuko kati ya Mwanza na upande wa Sengerema na Geita.

Wanunuzi wa kanda ya ziwa

Mahitaji ya mbao na magogo kwenye mwambao wa ziwa yana sura nne kuu.

Ya kwanza ni samani. Mafundi seremala wa mjini hununua mbao za mninga na mkongo kwa vipande, mara nyingi baada ya kupata oda ya mteja.

Ya pili ni ujenzi. Mbao ngumu hutumika kwa fremu na milango. Kwa paa wajenzi wengi hutumia misindano.

Ya tatu ni mitumbwi. Uvuvi wa sangara, sato na dagaa hutegemea mitumbwi ya mbao inayoundwa ufukweni na visiwani, kama Ukerewe. Fundi wa mitumbwi hutafuta mbao ndefu zisizo na vifundo, kwa kuwa kifundo kikitoka mahali pake maji huingia.

Ya nne ni machimbo ya dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Geita na maeneo jirani huimarisha kuta za mashimo kwa magogo membamba yaitwayo matimba. Mnunuzi wa matimba hajali rangi wala urembo. Hutaka gogo lililonyoka na lisilooza upesi. Mti ambao ungekuwa mbao ya thamani baada ya miaka mingi unaweza kuishia shimoni ukiwa bado mwembamba.

Upimaji wa gogo

Magogo hupimwa kwa mita za ujazo. Njia rahisi ni kupima urefu wa gogo na kipenyo chake katikati, bila kuhesabu gome. Kipenyo huzidishwa kwa kipenyo, kisha kwa 0.785, kisha kwa urefu, vipimo vyote vikiwa katika mita.

Kwa mfano, gogo lenye urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 50 lina ujazo huu:

0.5 × 0.5 × 0.785 × 3 = mita za ujazo 0.59

Kama mnunuzi akiandika sentimita 45 badala ya 50, hesabu inakuwa 0.48. Kosa la sentimita 5 tu, ambalo jicho halilioni kwa urahisi, limepunguza takriban sehemu moja ya tano ya gogo. Sababu ni kwamba kipenyo kinazidishwa mara mbili, ilhali urefu unazidishwa mara moja. Ndiyo maana anayeuza hana budi kushika futi kamba mwenyewe.

Gogo likiwa limelala chini na ncha zake hazionekani vizuri, mzingo wake unaweza kupimwa kwa kuzungusha utepe katikati. Mzingo huzidishwa kwa mzingo, kisha kwa urefu, na jibu hugawanywa kwa 12.57. Gogo la mfano uliotangulia lina mzingo wa mita 1.57, na hesabu inaleta jibu lilelile.

Ujazo peke yake hautoi thamani. Mnunuzi huangalia pia kama gogo limenyoka, kama lina uozo au uwazi katikati, kama ncha zimepasuka kwa jua, na upana wa kiini ukilinganishwa na sehemu nyeupe ya nje. Katika mninga sehemu hiyo nyeupe hushambuliwa na wadudu, na fundi mzuri huiondoa. Gogo nene lenye kiini chembamba huweza kuwa na thamani ndogo kuliko gogo jembamba lililokomaa.

Upasuaji na ukaushaji

Magogo mengi ya misitu ya asili hupasuliwa karibu na mahali yalipoangushwa. Wapasuaji hutumia msumeno wa watu wawili, mmoja akiwa juu ya gogo na mwingine chini, au msumeno wa mnyororo. Viwandani hutumika misumeno ya duara na ya mkanda.

Upasuaji huacha mabaki mengi: maganda ya pembeni, vumbi la mbao na vipande vilivyopotoka. Tuseme gogo la mfano wa juu linapasuliwa kuwa mbao za inchi 1 kwa 10 zenye urefu wa mita 3. Kila ubao una mita za ujazo 0.019. Kama mpasuaji akipata asilimia 35 ya gogo, zitatoka mbao 10. Akipata asilimia 50, zitatoka 15. Mbao hizo tano ni tofauti ya msumeno na mkono, kwa maana mti ni uleule na mrabaha uliolipwa ni uleule.

Mbao mbichi ina maji mengi. Ikiuzwa bila kukaushwa huwa nzito kusafirisha, na baadaye husinyaa, hupinda au kupasuka ikiwa tayari ni mlango. Wafanyabiashara hupanga mbao kivulini zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na kwa mbao nene jambo hili huchukua miezi. Mwenye uwezo wa kungoja huuza kwa bei nzuri zaidi kuliko yule anayehitaji fedha leo.

Mjini vipimo hutajwa kwa inchi na futi, kama "mbili kwa nne" au "moja kwa kumi". Kipimo hicho mara nyingi ni cha jina. Ubao wenyewe ukipimwa unaweza kuwa pungufu. Anayelinganisha bei za maduka mawili hufaa apime unene, upana na urefu halisi, kisha ahesabu bei kwa mita ya ujazo.

Sheria na hati

Misitu ya Tanzania Bara husimamiwa kwa Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002 na kanuni zake. Misitu ya serikali kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ulioanzishwa mwaka 2010. Ipo pia misitu ya halmashauri, ya vijiji na ya watu binafsi.

Biashara halali hupitia hatua kadhaa:

1. Mfanyabiashara husajiliwa kila mwaka kuwa mnunuzi au muuzaji wa mazao ya misitu.
2. Maombi ya kuvuna hujadiliwa na kamati ya uvunaji ya wilaya, kwa kufuata mpango wa uvunaji wa msitu husika. Kijiji chenye msitu hushirikishwa.
3. Leseni hutolewa baada ya kulipa mrabaha. Kwa miti ya asili kiwango hutegemea daraja la aina ya mti na ujazo wa gogo.
4. Magogo hukaguliwa na kugongwa nyundo yenye alama ya serikali.
5. Mzigo husafiri ukiwa na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo madereva na wafanyabiashara huiita TP. Hati hiyo hukaguliwa katika vizuizi vya njiani.

Kanuni ziliwahi kukataza mazao ya misitu kusafirishwa usiku, yaani kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi. Magogo ya misitu ya asili hayaruhusiwi kuuzwa nje ya nchi bila kuchakatwa. Nia ni kubakiza kazi na thamani ya upasuaji ndani ya nchi.

Kwa mnunuzi wa Mwanza, hati ni sehemu ya bidhaa. Mbao zisizo na hati huonekana rahisi, lakini zinaweza kutaifishwa pamoja na chombo kilichozibeba, na aliyezinunua hubaki na hasara.

Jinsi bei inavyojengeka

Bei ya ubao wa mninga mjini Mwanza ni jumla ya malipo yaliyofuatana: mrabaha na tozo, ujira wa wakataji na wapasuaji, ubebaji hadi barabarani, nauli ya lori, ushuru wa halmashauri, kodi, pango la eneo la kuuzia na faida ya kila aliyeshika mzigo. Nauli ina uzito mkubwa, kwa kuwa hulipwa sawa kwa mbao nzuri na mbaya. Ndiyo sababu mbao za daraja la chini mara nyingi hubaki karibu na msitu, na zilizo bora ndizo husafiri mbali.

Bei hubadilika pia kwa majira. Wakati wa masika barabara za msituni hazipitiki, mzigo hupungua na bei hupanda. Baada ya mauzo ya pamba au mpunga watu wengi hujenga na kununua samani, na mahitaji huongezeka.

Anayetaka kujua thamani ya gogo lake anaweza kuanza mwisho wa njia na kurudi nyuma: achukue bei ya mbao mjini kwa mita ya ujazo, azidishe kwa sehemu ya gogo inayotoka kama mbao, kisha aondoe gharama za upasuaji, usafiri, hati na faida ya haki ya mfanyabiashara. Kinachobaki ndicho kiwango ambacho gogo linaweza kulipiwa msituni. Hesabu hiyo huonyesha pia kwa nini mti uleule una thamani ndogo ukiwa mbali na barabara.

Masoko ya jirani

Mwanza imezungukwa na nchi zinazoshiriki soko moja la mbao. Kenya ndiyo mnunuzi mkubwa, na mizigo hupita mpakani Sirari mkoani Mara. Mwezi Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii. Katazo hilo liliendelea hadi Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa Julai 2023. Katika miaka hiyo Wakenya walihitaji zaidi mbao za Tanzania na Uganda, hasa mbao laini za ujenzi. Uamuzi uliofanywa Nairobi ulisikika hivyo katika maduka ya upande wa pili wa mpaka.

Upande wa kaskazini, mbao ngumu za mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupita Uganda kuelekea Kampala na Kenya. Mbao hizo hushindana na mninga wa Tanzania katika soko la samani.

Ushindani mwingine hutoka pwani. Mfanyabiashara wa Tabora anaweza kupeleka mzigo Mwanza au Dar es Salaam, kwenye wanunuzi wengi na bandari ya bahari. Bei ya ng'ambo ikipanda, mbao bora huelekea pwani.

Biashara ya kimataifa ina masharti yake. Jamii ya mpingo (Dalbergia) iliingizwa katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES mwaka 2017. Mkutano wa mkataba huo uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022 uliongeza spishi za Afrika za jamii za mninga (Pterocarpus) na mkongo (Afzelia). Kiambatisho hicho hakipigi marufuku biashara, bali hudai kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji ni halali na hauhatarishi spishi. Mwaka 2015 Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagaska zilitia saini Azimio la Zanzibar dhidi ya biashara haramu ya mbao.

Mgawanyo wa mapato na hali ya misitu

Tathmini ya rasilimali za misitu ya Tanzania Bara (NAFORMA), ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ilikadiria eneo la misitu kuwa hekta milioni 48.1. Karibu nusu yake iko katika ardhi ya vijiji. Tathmini hiyo ilionyesha pia kwamba miti inayotumiwa kwa mwaka ni mita za ujazo milioni 62.3, ilhali kiasi kinachoweza kuvunwa bila kupunguza msitu ni milioni 42.8. Sehemu kubwa ya matumizi hayo ni kuni na mkaa.

Hatari ya kuuza bila vipimo na usimamizi ilionekana wazi kusini mwa nchi. Baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 katika mto Rufiji, magogo mengi ya Lindi na Mtwara yalianza kutoka kwa barabara. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba mrabaha mwingi haukukusanywa, na kwamba takwimu za China za mbao zilizoingia kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile zilizoandikwa Tanzania kuwa zimetoka.

Mfano wa kinyume ulitoka eneo hilohilo la kusini. Katika Wilaya ya Kilwa, vijiji vilivyotenga misitu ya hifadhi ya kijiji vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu cha FSC mwaka 2009, kwa msaada wa shirika la kuhifadhi mpingo. Wanakijiji walihesabu miti yao, walipanga idadi ya kuvunwa na waliuza wenyewe. Sheria ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji chenye msitu wa namna hiyo kubaki na mapato ya mauzo. Tofauti ya habari hizi mbili haikuwa katika aina ya miti, bali katika nani alijua kilichokuwepo na nani alishika kipimo.

Kwa kanda ya ziwa funzo hilo lina uzito wake, kwa kuwa mninga huchukua miongo mingi kufikia ukubwa wa kupasuliwa. Mashamba ya miti ya serikali, kama Rubya katika Ukerewe na Buhindi katika Buchosa, pamoja na miti inayopandwa na wakulima, hupunguza mzigo kwa misitu ya asili katika kazi za ujenzi na nguzo. Kwa samani bora na milango, soko la Mwanza bado linategemea miti iliyoota kabla ya wengi wa wanunuzi wake kuzaliwa.

Tazama pia

* Mninga
* Miombo
* Ziwa Viktoria
* Ngitili
* Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania